Faini ya barabarani si mahali pa kudai nchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme juu ya jambo linalozagaa vijiweni huku Nyangao, na nasikia limeshafika Ndanda, Masasi na Newala. Vijana wa bodaboda wanatumiana kwenye simu video za watu wa nchi za mbali waliosimamishwa na polisi barabarani. Badala ya kutoa leseni, watu hao wanajibu kwamba wao ndio wenyeji asilia wa nchi, kwamba babu zao hawakumkabidhi mtu yeyote mamlaka, na kwa hiyo sheria za barabarani haziwahusu. Video inakatika polisi akiwa bado ameduwaa. Kilichofuata mahakamani hakioneshwi.

Maneno hayo sasa yanasemwa kwa lafudhi ya Kusini. Msimu wa korosho uliopita kijana mmoja wa stendi yetu, Mmwera mwenzangu, alisimamishwa akiwa amepakia mshikaki: abiria wawili na kiroba cha korosho katikati, hakuna aliyevaa kofia ngumu, na bima ilikuwa imekwisha. Akamwambia askari, "Hapa ni kwetu, wewe umeletwa tu. Gesi mmechukua, sasa mnataka na elfu thelathini yangu?" Wenzake wakashangilia. Pikipiki ikalala kituoni, na mama yake akauza korosho kwa kangomba, bila kungoja mnada, ili ikatolewe.

Kijana huyo namfahamu tangu anabebwa mgongoni. Si mtu mbaya. Ana hasira, na hasira yake ina sababu. Lakini amedanganywa kuhusu yaliyotokea huko ng'ambo, na uongo ule utawagharimu wengi zaidi ukiachwa uendelee.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya mpaka nilipostaafu. Mashauri ya barabarani ndiyo yaliyokuwa yakijaza rejesta yangu kuliko mengine yote. Nimefungua majalada ya waliogonga mbuzi na ya waliogonga watoto wanaotoka shule. Sasa nina mjukuu anayesoma sheria, ananitumia hukumu za nchi za watu nizisome kwa nafasi yangu. Ndiyo maana naomba nieleze zile video zinakoishia, na nianze na aliyeshinda, maana yupo.

Mwaka 2018, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, raia mmoja wa taifa asilia la Choctaw alitozwa faini ya dola 150 kwa mwendo kasi. Hakubishana na askari barabarani. Alilipa, kisha baadaye akaenda mahakamani kwa karatasi. Hoja yake ilikuwa kwamba pale alipokamatwa pamo ndani ya eneo la taifa la Muscogee, na yeye ni mtu wa taifa asilia, kwa hiyo mji wa Tulsa haukuwa na mamlaka ya kumshtaki. Hoja hiyo hakuitoa kichwani. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya McGirt, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba eneo ambalo Wamuscogee waliahidiwa kwa mikataba ya karne ya 19 halikuwahi kufutwa na Bunge la nchi hiyo. Majaji walisema ahadi ile bado ipo, hata kama jimbo limeishi zaidi ya miaka mia moja kana kwamba haipo. Mji wa Tulsa ukajitetea kwa sheria ya mwaka 1898. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ikasema sheria hiyo haiupi tena mji mamlaka hayo.

Mpaka hapo kijana wa kijiweni atapiga makofi. Naomba asubiri kidogo, kwa sababu sehemu inayofuata ndiyo inayokatwa.

Wamuscogee wana polisi wao, wanaitwa Lighthorse. Wana mahakama yao, waendesha mashtaka wao na namba zao za magari. Wamewekeana saini na polisi wa serikali nyingine ili askari wa upande wowote aweze kumsimamisha dereva yeyote, kisha jalada lipelekwe kwenye mahakama inayohusika. Mwendo kasi ni kosa kwenye sheria zao pia. Kwa hiyo dereva wa taifa asilia anayekimbiza gari ndani ya eneo lile hakuondolewa mbele ya hakimu, amepelekwa kwa hakimu mwingine. Na wale waliokesha miaka wakipigania uamuzi ule walijua kwamba wakishinda, watabeba mzigo: kuajiri askari, kujenga mahabusu, kulipa mahakimu, kuwajibu wazazi ambao mtoto wao amegongwa.

Huko Minnesota, jimbo jingine la Marekani, ni hivyo hivyo. Jamii ya wenyeji asilia ya Red Lake ilianza kutoa namba zake za magari mwaka 1974, ya kwanza Marekani nzima. Mwaka 1997 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba makosa kama mwendo kasi, kutofunga mkanda au kukosa bima, yakitendwa na mtu wa kabila ndani ya eneo la kabila lake, jimbo halina mamlaka ya kumshtaki. Hayo ni ya kabila lenyewe. Lakini kuendesha gari umelewa mahakama za huko huliweka upande wa jinai, na hapo jimbo linaweza kumshtaki, ila si ndani ya maeneo machache kama Red Lake yenyewe. Ukisoma hukumu zile unaona watu wazima wamekaa chini wakagawana kazi ya kulinda barabara. Huoni hata mstari mmoja unaosema kuna mtu asiyelindwa wala kuulizwa na yeyote.

Walioshindwa ni wengi zaidi, na hawa nawataja kwa heshima kwa sababu dhuluma waliyotendewa ni ya kweli. Hawaii ilikuwa na malkia wake, Liliʻuokalani, akapinduliwa mwezi Januari 1893 kwa msaada wa askari wa majini wa Marekani. Miaka mia moja baadaye, 1993, Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi na Rais Clinton akatia saini. Mwaka uliofuata tu, 1994, dereva mmoja aliyeshtakiwa kwa makosa ya barabarani aliiambia mahakama ya rufani ya Hawaii kwamba yeye ni raia wa ufalme ule. Majaji walikiri historia, lakini wakasema hakuthibitisha kwamba ufalme upo hadi leo kama dola. Mwenzake mwingine, aliyeendesha gari lenye namba za ufalme, alifungwa siku 30, na jambo lake likafikishwa hadi The Hague, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Mwaka 2001 waamuzi walisema hakuna mgogoro wa kuamuliwa kati ya pande mbili zilizoletwa mbele yao, maana mdai na ufalme aliouleta kama mdaiwa walikuwa wanakubaliana. Marekani yenyewe haikuwepo chumbani.

New Zealand nako, baraza lililoundwa mwaka 1975 kusikiliza malalamiko ya Wamaori lilitoa ripoti mwaka 2014 likasema machifu wa kaskazini waliotia saini mkataba wa Waitangi mwezi Februari 1840 hawakuukabidhi utawala wao kwa Waingereza. Ni kauli nzito kabisa, ya chombo cha dola yenyewe. Hata baada ya ripoti hiyo, Mmaori anayekamatwa bila leseni anahukumiwa kama dereva mwingine yeyote, na wanaotaka kuishi kwa ripoti ile wanaongea na serikali yao mezani.

Mhariri, nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu nawaheshimu watu hao. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, wakati nchi nne, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, zilipiga ya hapana. Watu wa Hawaii na Wamaori si vichekesho vya kutazama kwenye foleni ya mafuta. Wana maumivu yao, na wana mikataba yao iliyoandikwa na kuvunjwa. Ninachokataa ni sisi kuchukua maneno yao bila kuchukua kazi yao.

Sasa nije kwetu.

Kijana wangu alisema "hapa ni kwetu." Ni kwetu akina nani? Nyangao ni nchi ya Wamwera, sawa. Lakini simama kwenye geti la hospitali ya misheni asubuhi moja tu usikilize. Utasikia Kimakonde cha Newala na cha Msumbiji, Kimakua cha Masasi, Kiyao cha Tunduru, na akina mama wa Kingoni waliokuja kuuguza. Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma akiwa msichana. Na kwa mila za Kimwera ukoo ni wa mama, kwa hiyo nikianza kukagua nani mwenyeji na nani ameletwa, nitaanza kujitoa mwenyewe. Yule askari aliyeambiwa ameletwa, huenda mjomba wake amezikwa Ndanda, hakuna aliyemuuliza.

Tuwakumbuke ndugu zetu Wamakonde wa Kenya. Waliishi Kwale miongo mingi, wakazaa na kuzika huko, bila vitambulisho, wakihesabiwa watu wa kuja. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kuomba watambuliwe, na hatimaye wakatambuliwa. Sisi wa huku tulifurahi. Hatuwezi kufurahia hilo kisha tukamwambia mtumishi wa umma anayefanya kazi Lindi kwamba hana haki ya kusimama barabarani kwa sababu kazaliwa Dodoma.

Sisemi kwamba Kusini haina historia ya kukataa kutawaliwa. Tunayo kuliko wengi. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa juu kwenye uwanda wa Makonde, alimjibu Mjerumani Hermann von Wissmann kwa barua ya Kiswahili. Alimwambia kama anataka urafiki yuko tayari, lakini kuwa mtu wa chini yake hawezi, maana yeye ni sultani katika nchi yake kama mwenzake alivyo kwao. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Vita vya Maji Maji vilianzia kwenye vilima vya Umatumbi mwaka 1905, na mwezi Agosti mwaka huo huo moto ulifika hapa Nyangao, misheni ikachomwa. Wanafunzi wanaopita njia ya Mahiwa wanapita juu ya uwanja wa vita vya Oktoba 1917, ambako wazungu walipigana wao kwa wao na waliokufa wengi walikuwa Waafrika waliobebeshwa bunduki na mizigo.

Machemba alikataa akiwa na watu nyuma yake waliomtegemea kwa usalama na kwa hukumu. Mtu akiibiwa Luagala, makao ya Machemba, alijua aende kwa nani. Ndiyo maana neno lake lina uzito mpaka leo. Kijana anayekataa kofia ngumu kwa jina la Machemba hana hata mtu mmoja anayemlinda kwa kukataa kwake. Abiria wake wa nyuma, mwenye mimba anayepelekwa kliniki, hakukataa chochote. Yeye kichwa chake ndicho kitakachogonga lami.

Na baada ya Uhuru sisi tulichagua njia tofauti na ya Oklahoma. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Hakuna mkataba kati ya Wamwera na Jamhuri ambao mtu anaweza kuuweka mezani. Kilichopo ni Katiba, na Katiba haikutunyima. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 26 inaweka mambo mawili pamoja: wajibu wa kila mtu kutii sheria za nchi, na haki ya kila mtu kwenda mahakamani kuilinda Katiba. Haya ndiyo maandishi yetu ya kudai nayo.

Najua hasira ya gesi. Nilikuwa kazini mwaka 2013 Mtwara ilipolipuka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaingia mitaani. Madai ya wananchi kwamba mali inayotoka Mnazi Bay na Songo Songo iwaguse wanaoishi juu yake yalikuwa halali wakati ule na ni halali leo. Halmashauri inatakiwa kupata ushuru wa huduma kutoka kwa makampuni. Nani kati ya wanaoshangilia stendi amewahi kwenda kwenye kikao cha baraza la madiwani, ambacho ni cha wazi, kuuliza ushuru huo umelipwa kiasi gani na umejenga nini? Mtu anayeimba gesi mbele ya trafiki analitumia dai kubwa la watu wa Kusini kukwepa elfu thelathini, na akishindwa, analirudisha nyumbani limechafuka. Hili linaniuma kuliko faini yenyewe.

Vijana wananiambia, "Babu, wewe unawatetea trafiki." Siwatetei wanaokosea. Wapo wanaojificha nyuma ya mwembe na tochi kwenye mteremko mahali ambapo kibao cha hamsini kiling'olewa na mvua. Wapo wanaosimamisha pikipiki ile ile asubuhi na jioni kwa kosa lile lile, wapo wasiotaka kuandika karatasi. Dereva ana haki ya kuoneshwa kosa lake, kupewa hati yenye kumbukumbu ya malipo ya serikali, na kukataa faini ili aende mbele ya hakimu. Haki hii ya mwisho nimeiona ikitumika, nikiwa nimeshika kalamu. Dereva wa Hiace aliyesimama kizimbani akasema si kweli, akaleta shahidi mmoja na picha ya mahali pale, akaachiwa huru. Hakutaja ukoo wake. Askari akitenda haki barabarani, video zile zitapungua wasikilizaji zenyewe.

Wakubwa wa usalama barabarani wa mkoa nao wanisikie. Mkiwatuma askari wenu, watumeni kwanza kwenye vijiwe kabla ya kuwapanga kwenye kona. Msimu wa korosho ukianza, malori ya kwenda bandari ya Mtwara yanaegeshwa kwenye bega la barabara, pikipiki zinasukumwa katikati, na watoto wa shule wanavuka baina ya magurudumu. Pale hakuna anayekamatwa. Mwenye bodaboda anaona lori la tajiri halina kosa na yeye ndiye mwenye makosa yote, kisha anatafuta maelezo, na maelezo aliyoyakuta kwenye simu ni yale ya "wewe umeletwa".

Tunachoweza kudai hapa kijijini ni kingi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na wananchi na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Haziwezi kupingana na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, lakini zinaweza kusema pikipiki zisimame wapi, malori yasiegeshwe wapi, nani awavushe watoto saa ya kuingia na kutoka shule, na asiyefuata alipe nini kwa kijiji. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, za ndani ziko chini ya TARURA, na barua ya kijiji yenye muhuri na muhtasari wa mkutano haitupwi kirahisi kama kelele za stendi. Hiyo ndiyo mamlaka tuliyo nayo, na inadai kazi ile ile wanayoifanya wale wa Red Lake: kukaa, kuandika, kukubaliana, kisha kumshika hata mtoto wa dada yako akivunja.

Nimeshapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji hoja tatu ziingie kwenye mkutano mkuu ujao. Kwanza, stendi ya bodaboda ihamishwe kutoka geti la hospitali, ikae upande wa pili penye kivuli na nafasi, ili gari la wagonjwa lipite. Pili, tuombe TANROADS matuta na kivuko chenye alama mbele ya shule, kabla msimu wa korosho haujaanza. Tatu, chama cha bodaboda kichague watu wake wawili waketi na kituo cha polisi kila mwezi, malalamiko ya pande zote mbili yaandikwe kwenye daftari moja, na daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Yule kijana ambaye pikipiki yake ililala kituoni nimemwomba awe mmoja wa hao wawili. Bado hajanijibu. Mama yake amesema yeye atakuja kwenye mkutano hata mwanawe asipokuja, na anataka kuuliza habari ya malori.

Karani Mstaafu wa Mahakama,
Nyangao, Lindi